Kioo cha pembeni kilicholegea: matumizi ya legea, cheza, kaza, bana na funga

legea (kitenzi sielekezi): poteza mkazo; kuwa na nafasi pasipotakiwa nafasi. Nati imelegea. Kamba za kitanda zimelegea. Kauli ya kutendesha: legeza. Kinyume: kaza. Maneno ya ukoo huo: -legevu, ulegevu, legalega. Katika matini za zamani hupatikana pia umbo regea.

Fasili hiyo inamtosha msomaji wa riwaya. Haimtoshi mfasiri aliyepewa ukurasa wa mwongozo wa pikapu ya zamani, wala dereva anayemwandikia fundi ujumbe akiwa mbali na gereji. Anayesema "kioo cha pembeni kimelegea" amesema kweli, lakini kweli hiyo ina maana nne, na kila maana ina dawa yake. Huenda ni kipande kinachoakisi ndicho kinachotikisika ndani ya ganda. Huenda ganda halishiki kwenye mkono wake. Huenda mkono unayumba kwenye kiungo kinachouruhusu kukunjwa. Huenda pia kitako kizima kimeachana na bati la mlango. Fundi mwema atauliza maswali. Fundi mwenye haraka atauza kioo kipya, na mwenye gari atalipia kitu ambacho kilihitaji robo mzunguko wa spana. Kiswahili kina uwezo wa kuzitenganisha hali hizi kwa neno mojamoja, na makala haya yanahusu maneno hayo.

Pikapu inayokusudiwa hapa ni ile ambayo kioo chake huelekezwa kwa mkono, bila mota ya umeme: Toyota Hilux za miaka ya 1980 na 1990, Land Cruiser za mfululizo wa 70 ulioanza mwaka 1984, Peugeot 504, Datsun na ndugu zao. Magari haya yana vioo ambavyo bado hutengenezeka, na kwa hiyo bado vina msamiati.

Kioo ni kipi?

Tatizo la kwanza si kitenzi bali nomino. Neno kioo hubeba kitu kinachoakisi sura, kitu kinachopitisha mwanga na, siku hizi, uso wa simu na wa televisheni. Ndani ya gari moja kuna kioo cha mbele, vioo vya milango, kioo cha nyuma, kioo cha kati cha kutazamia nyuma na vioo viwili vya pembeni. Mwambie dereva "fungua kioo" naye atateremsha kioo cha dirisha. Mwambie "funga kioo" atakipandisha. Mfasiri aliyeandika "fungua kioo cha mlango" akimaanisha kutoa nati za kioo cha pembeni amemwagiza msomaji apate upepo. Ni heri kuandika "fungua nati za kioo cha pembeni" au "ondoa kioo cha pembeni", na katika kurudishia, "funga kioo cha pembeni mahali pake", sentensi ambayo haimpeleki mtu kwenye kishikio cha dirisha.

Kioo cha pembeni ndilo jina ninalolipendekeza katika matini rasmi. Kioo cha ubavuni ni sahihi pia, ingawa halijazoeleka sana. Gerejini utasikia saidi mira au saiti mira, na sioni sababu ya kulikwepa jina hilo katika mazungumzo yaliyoandikwa, katika tangazo la vipuri au katika ujumbe kwa fundi. Angalizo ni moja: saidi mira huingia ngeli ya i-/zi-, na jambo hilo lina madhara yake, kama itakavyoonekana.

Sehemu za kioo hiki zina majina mepesi. Kioo chenyewe ni kipande kinachoakisi. Ganda ndilo linalokizunguka. Mafundi wengi huliita kava. Mkono huunganisha ganda na kitako. Kiungo ndipo mkono unapokunjika. Kitako hukaa kwenye mlango, mara nyingi kwenye kona ya mbele ya dirisha, na ndani ya mlango hufichwa na kifuniko cha umbo la pembetatu. Sijaona haja ya kubuni istilahi nzito zaidi ya hizi. Mwili wa binadamu umetupatia mkono, kiungo na kitako, na msomaji hazihitajii faharasa.

Upatanisho kama kidole

Kiswahili huonyesha kwa kiambishi kile ambacho lugha nyingine huacha kiangukie muktadha. "Umelegea" hauwezi kuwa ganda, ni mkono. "Limelegea" haliwezi kuwa mkono, ni ganda. "Imelegea" ni nati, bolti au skrubu. Dereva akimwandikia fundi neno moja tu, "limelegea", amekwisha kuondoa nusu ya maswali.

Lakini upatanisho hauokoi kila mara. Kioo, kiungo na kitako vyote vimo katika ngeli ya ki-/vi-, na ndivyo vitatu ambavyo hulegea zaidi. Aidha, anayetumia saidi mira husema "imelegea", na hapo kioo kizima kimegongana na nati yake. Kwa hiyo nomino itajwe walau mara moja katika kila aya ya maelekezo, hata kama mfasiri anahisi anajirudia. Wahariri wa fasihi huchukia marudio. Mtu aliyelala chini ya gari hayachukii.

Vitenzi vya hitilafu

Legea ni jina la sababu. Husemwa juu ya kitu kilichokuwa na mkazo kikaupoteza, na kwa hakika kinacholegea ni kifungio: nati, bolti, skrubu, springi. Tunaposema kioo kimelegea, tunahamisha hali ya nati kwenda kwa kitu kilichoshikwa na nati hiyo. Uhamisho huu ni wa kawaida na hauna kosa, ila haumwonyeshi fundi mahali.

Cheza ni jina la dalili. Usukani unacheza, gia inacheza, kioo kinacheza: kuna nafasi ndogo ambamo kitu husogea kabla ya kushika. Ni neno la gereji ambalo kamusi hulitaja kwa haya, ilhali hakuna jingine linalolingana nalo kwa ufupi. Nomino yake ni mchezo: "kiungo kina mchezo". Kioo kinaweza kucheza bila nati yoyote kulegea, kwa mfano pale klipu za plastiki zinazokishika ndani ya ganda zinapovunjika au tundu la kitako linapopanuka kwa kulika. Atakayekaza nati katika hali hiyo atakaza hadi kesho na kioo kitaendelea kucheza.

Tikisika huhitaji mtikisaji: mkono wa mtu, upepo, barabara. Tetemeka ni mwendo mdogo wa haraka, na dalili yake ni taswira iliyofifia kiooni wakati injini inaunguruma gari likiwa limesimama. Kioo kinachotetemeka huenda hakina hitilafu yoyote. Injini ya dizeli ya zamani hutetemesha kila kitu kilichofungwa kwenye mlango. Yumba ni mwendo mpana, na hufaa kwa mkono mrefu wa bomba kama wa pikapu za mizigo. Legalega ni takriri ya mzizi uleule wa legea, na huongeza maana ya kutokuwa na uthabiti. Chama hulegalega, ndoa hulegalega. Kwa kioo ni neno la tamathali, na nashauri liachiwe wanahabari.

Lala husemwa juu ya kioo kinachoinamia chini au mbele polepole kwa uzito wake. Ning'inia ni hatua ya mwisho: kitako kimeachia na ganda linashikiliwa na waya au kamba ya mpira. Hapo hapana tena suala la lugha.

Jozi moja inahitaji kutazamwa kwa makini zaidi kwa sababu wanafunzi huichanganya: kunjika na jikunja. "Kioo hiki kinakunjika" ni sifa. Kauli ya kutendeka hapa inaeleza uwezekano. Kioo kimeundwa ili kisogee kikigongwa na punda au mlango wa lori, kisha kikunjuliwe. "Kioo hiki kinajikunja" ni malalamiko. Kiambishi -ji- kinakifanya kioo kiwe mtenda na mtendewa: gari likifika kasi fulani, upepo unakisukuma nyuma bila mtu kukigusa, na dereva anabaki akitazama mlango wake mwenyewe badala ya bodaboda inayompita. Katika gari jipya lenye mota, sentensi hiyohiyo ni sifa ya kifahari. Katika Hilux ya mwaka 1988 maana yake ni moja: springi ya kiungo imechoka au nati inayoigandamiza imelegea.

Njeo kama utambuzi

Kitenzi hicho hicho hubadili ushauri kwa kubadili njeo. "Kimelegea" ni hali iliyokwisha kuwapo. Kaza, na kazi imekwisha. "Kinalegea" ni mwendo unaoendelea. Kuna kitu kinakilegeza. "Hulegea" ni tabia: kilikazwa, kikalegea, kikakazwa tena. Anayesema "hulegea kila nikitoka shamba" amemweleza fundi kwamba kukaza hakutoshi.

Legea ni kitenzi kisichotaja mtenda, na katika uhandisi pia mtenda huyo alichukua muda kutambulika. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwamba kinachofungua nati zaidi ni msogeo wa ubavuni, yaani nyuso mbili zilizobanwa zinapotelezeana kwenda na kurudi kukatiza mhimili wa bolti. Kila mtelezo huiachia nati nafasi ya kujizungusha kidogo. Barabara ya vumbi yenye matuta madogomadogo humpa kioo kizito kilichotoka nje ya mlango msogeo huohuo, maelfu kwa maelfu. Ndiyo maana washa ya springi iliyozoeleka haisaidii sana, na nati yenye pete ya nailoni au gundi maalumu ya kushikilia hesi husaidia zaidi. (Hesi ni michirizi iliyochongwa kwa mzunguko kwenye bolti na ndani ya nati, gereji nyingi husema meno tu.)

Vitenzi vya tiba

Kaza, bana na funga huwekwa katika kamusi nyingi kama visawe vya karibu. Katika kazi hii si visawe. Mfano bora ni kioo cha zamani chenye mkono wa bomba, ambacho ganda lake hushikwa na kibano chenye bolti. Fundi anakaza bolti. Bolti ikikazwa, kibano kinabana mkono. Kibano kikibana, kioo kimefungwa. Kitendo ni kimoja cha mkono wa mtu, lakini vitenzi ni vitatu kwa sababu watendwa ni watatu: hukazwa kile kinachozungushwa, hubanwa kile kilicho katikati ya viwili, hufungwa kile ambacho lengo letu ni kisiondoke. "Bana bolti" ni kosa ambalo sikio la fundi hulikataa mara moja. "Kaza mkono" linaeleweka, lakini linamwacha mtu ashike bomba badala ya spana.

Kaza ina jambo jingine la kushangaza kidogo. Hutumika kwa mtendwa na bila mtendwa: "fundi amekaza nati" na "nati imekaza". Sentensi ya pili haisemi kwamba kuna aliyeikaza. Inasema iko katika hali ya kukaza, na mara nyingi ni lawama: imeshika kutu, haifunguki. "Nati imekazwa" ni habari njema, "nati imekaza" huenda ikawa habari mbaya, na "nati haikazi" maana yake hesi zimelika na nati inazunguka bure.

Kauli ya kutendua inafanya kazi kubwa katika matini za ufundi. Tunafunga na kufungua, tunakunja na kukunjua, tunachomeka klipu na kuichomoa, tunabandika kioo kwa gundi na kukibandua. Mfasiri mwenye jozi hizi anaweza kuandika hatua za kurudishia kwa kugeuza tu hatua za kuondoa. Kaza ndiyo imekataa kuingia katika mpango huu: hatusemi kazua. Kinyume chake ni legeza, neno la mzizi mwingine, na legeza si sawa na fungua. Kulegeza ni kupunguza mkazo huku nati ikibaki kwenye bolti. Kufungua ni kuitoa. Mwongozo unaosema "fungua nati" pale panapohitajika kulegeza tu utasababisha ganda lianguke barabarani.

Shikiza ni kitenzi ambacho wafasiri wamekisahau. Ni kuanzisha ufungaji kwa vidole, nati ikamate hesi bila kukazwa. Bila neno hili huandikwa sentensi ndefu kama "zungusha nati kwa mkono kiasi kidogo bila kutumia nguvu". Shikiza inatosha.

Kuhusu imarisha: nimeliona katika tafsiri za maofisini, "imarisha kioo cha pembeni". Ulinzi huimarishwa, uchumi huimarishwa. Nati hukazwa.

Matini ya mfano

Yafuatayo ni maelekezo ya kukaza kitako, yaliyoandikwa kwa vitenzi vilivyojadiliwa.

Simamisha gari mahali palipo sawa na uzime injini. Kunjua kioo. Shika ganda, lisukume juu na chini. Kisha shika mkono wa kioo karibu na mlango, uusukume vivyo hivyo. Ikiwa kitako ndicho kinachocheza, chomoa kifuniko cha pembetatu kilicho upande wa ndani. Kama kifuniko kimefungwa kwa skrubu, ifungue kwanza kwa bisibisi ya nyota. Mwenzako ashike ganda kwa nje. Legeza nati zote kidogo, usizifungue. Kiweke kitako sawa juu ya mpira wake, kisha shikiza nati upya kwa vidole. Kaza kwa zamu, nusu mzunguko kila moja, hadi kitako kitulie. Chomeka kifuniko. Kunja na kunjua kioo mara mbili kuhakikisha kiungo kinashika, kisha keti katika kiti cha dereva na ukielekeze kioo.

Mambo mawili katika matini hiyo. Kwanza, "hadi kitako kitulie" inaeleza mwisho wa kazi kwa hali inayoonekana. "Kaza vizuri" na "kaza sana" hazielezi mwisho wowote, na mwisho una gharama: ukikaza kupita kiasi bolti hukatika, hesi hulika, au kitako cha aloi hupasuka. Pale mwongozo unapotoa kipimo, kitafsiriwe kama kilivyo. Bolti ya kipenyo cha milimita 6 ya chuma cha daraja 8.8, ambayo kichwa chake kwa kawaida huchukua spana namba 10, hukazwa kwa takriban nyutoni-mita 10, nguvu ya kifundo cha mkono wala si ya bega.

Pili, mwishoni nimeandika "ukielekeze kioo", sikuandika "ukirekebishe". Rekebisha ina maana mbili ambazo hapa haziwezi kukaa pamoja: kuweka kioo katika pembe inayomfaa dereva, na kutengeneza kioo kilichoharibika. Katika shule za udereva "rekebisha vioo" ni agizo la kila asubuhi na halimkanganyi mtu. Katika mwongozo wa matengenezo, "kioo hakirekebishiki" huenda ikasomwa kwamba kimegoma kusogea au kwamba hakifai kutengenezwa, na msomaji wa maana ya pili ataenda dukani. Tumia elekeza kwa maana ya kwanza na tengeneza kwa ya pili.

Kioo cha kukata

Pale kinachocheza ni kipande kinachoakisi, na klipu zake zimekwisha, wengi hukatisha kioo kipya kwa muuza vioo na kukibandika. Lugha inaficha tofauti hapa, kwa kuwa vyote ni kioo. Kioo cha upande wa abiria mara nyingi ni kioo mbinuko, neno ambalo kila aliyesoma sayansi kwa Kiswahili shuleni analijua. Huonyesha eneo pana na kufanya vitu vionekane vidogo na mbali kuliko vilivyo. Kioo cha kukata ni bapa. Kikibandikwa mahali pa mbinuko, dereva hupata sura kubwa zaidi na eneo dogo zaidi, na pikipiki iliyokuwa ikionekana sasa haionekani. Katika tangazo au stakabadhi, sifa bapa au mbinuko iandikwe wazi baada ya neno kioo.

Kulia, kushoto, dereva, abiria

Miongozo mingi hutaja kioo cha kulia na cha kushoto. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha upande wa kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha upande wa kulia, na matini ya Kiswahili husomwa kotekote. Ikiwa mwongozo wa asili uliandikwa kwa gari la Marekani, "kioo cha kushoto" ndicho cha dereva. Kwa gari la Dar es Salaam ndicho cha abiria. Andika upande wa dereva na upande wa abiria, isipokuwa pale ambapo kipuri chenyewe kimepigwa chapa ya upande.

Hali kadhalika kwa mzunguko. "Zungusha kulia" inaeleweka nati ikiwa mbele ya macho. Nati ya kiungo katika baadhi ya pikapu hufikiwa kutoka chini ya mkono wa kioo (katika nyingine kiungo kimepigwa ribiti na hakikazwi kabisa), na mtu anayetazama kutoka juu huizungusha kinyume. "Kwa kufuata mishale ya saa, ukiitazama nati kutoka chini" ni ndefu, lakini haipungui neno.